Unasoma Historia chuo? Panga kozi zako mapema usije ukaachwa na meli

Mie nilichelewa kuvaa joho mwaka mzima kwa sababu ya krediti 8. Nane tu wallahi. Sikuwa na sapu ya kurudia mtihani, sikudisko nikatolewa chuo, ada nishalipa, disateshen, ule utafiti wa mwisho, ishapigwa jalada, mama keshaanza kuuliza kukodi joho shilingi ngapi, naenda ofisini kuangalia orodha ya wanaotarajiwa kumaliza jina langu halimo. Yule dada wa ofisini akageuza kioo cha kompyuta upande wangu akanambia kaka una krediti 352, zinatakiwa 360, kuna kozi moja ya hiari ya mwaka wa pili hukuisoma. Nikasimama pale kama nimemwagiwa maji. Na kweli kozi ile niliiacha mwenyewe, ratiba yake iligongana na kozi nyengine, mshauri wangu akasema utaisoma baadae, nami nikasema haya, basi tena, yeye akasahau na mie nikasahau. Kibaya zaidi inatolewa semista ya kwanza tu na sie tushafika mwisho wa semista ya pili, kwa hivo nikarudi nyumbani kukaa barazani kusubiri Novemba na kila anaepita ananiuliza "vipi, ushamaliza?" Na bumu, zile pesa za mkopo za kujikimu, sikupata kwa semista ile ya ziada, nauli na chakula vyote juu ya mzee.

Basi haya nawaandikia mlioanza digrii ya Historia, au Historia na Ualimu, kwenye vyuo vyetu hapa Unguja, na khasa nyie mnaotoka Pemba mnashuka melini na begi moja na hamjui hata mtu mmoja chuoni. Kila chuo kina kanuni zake, namba zangu zilinganishe na za kwenu, lakini mfumo mkubwa ni mmoja nchi nzima maana vyuo vyote viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kitu cha kwanza kabisa, wiki ya kwanza, tafuta orodha ya kozi za programu yako kwa miaka yote mitatu. Iko kwenye prospektasi, kile kitabu cha programu za chuo, au muombe karani wa idara. Lakini sikiliza, itafute ya mwaka wako wewe ulioingia, usichukue ya kaka yako aliyemaliza juzi. Mitaala inapitiwa kila baada ya miaka kadhaa, kozi zinabadilishwa majina, nyengine zinafutwa, nyengine zinahamishwa semista, na wewe unahesabiwa kwa mtaala ulioingia nao. Nilikuwa na rafiki yangu kapanga kila kitu kwa karatasi ya dada yake, kaja kugundua kozi mbili kati ya alizozipangia hazipo tena.

Sasa hizi krediti watu wanazitaja tu kama bei ya samaki lakini ukiuliza krediti ni nini wanakodoa macho. Krediti moja ni saa 10 za kusoma, na hapo pamo kila kitu, lekcha, semina, kusoma mwenyewe maktaba, kuandika asaimenti, hadi mtihani wenyewe. Digrii ya miaka mitatu inataka krediti 360 kwa uchache, yaani 120 kwa mwaka, yaani kiasi cha 60 kwa semista. Piga hesabu, krediti 60 ni saa 600, semista ukiipa wiki 15 inakuja saa 40 kwa wiki. Kazi ya kutwa hiyo, sawa na mtu wa ofisini. Kwa hivo ukiona ratiba yako ina lekcha saa 14 tu kwa wiki usijidanganye kuwa umepewa likizo, zile zilobaki ndo za kusoma, na Historia bwana ni kusoma, hakuna njia ya mkato, desa la mwaka jana, zile noti za kupokezana, litakupa jina la mada tu.

Kozi zenyewe utakuta ziko mafungu. Kuna za chuo kizima ambazo kila mtu anasoma, stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo tunayoyaita DS, kompyuta. Watu wanazidharau hizi halafu ndo zinawaua, nitarudi hapo. Kuna za lazima za Historia yenyewe, kwa kawaida unaanza na falsafa na mbinu za historia, historia ya Afrika imekatwa vipande, Afrika Mashariki, Tanzania, Zanzibar, Ulaya na kukua kwa ubepari, halafu njia za utafiti na mwisho disateshen. Halafu za hiari, sie tukiziita opsheni, hapa ndo unachagua, Bara Hindi, Asia, Marekani, nyaraka na makumbusho, historia simulizi, inategemea mwalimu gani yupo mwaka huo. Na kama uko ualimu unaongeza saikolojia ya elimu, mtaala, njia za kufundishia, upimaji, na TP, yaani mazoezi ya kufundisha skuli.

Karatasi ukishaipata usiifungie kwenye begi. Chukua daftari, ufungue kurasa mbili zilokabiliana, chora mistari sita, kila mstari semista moja. Sasa anzia mwisho, usianzie mwanzo. Andika disateshen semista ya sita. Halafu jiulize, nini lazima nikipitie kabla ya disateshen? Njia za utafiti. Na kabla ya njia za utafiti? Ile ya falsafa na mbinu ya mwaka wa kwanza. Umeona, hizo tatu ni kama daraja, ukifeli moja mbele hupiti, kwa hivo ndizo za kulindwa kuliko zote. Baada ya hapo weka zile zinazotolewa mara moja kwa mwaka, muulize karani, mwalimu wa kozi, wenzio wa mwaka wa tatu, na pembeni uandike kwa penseli "semista ya kwanza TU". Mie ningeandika neno hilo "TU" mwaka wa kwanza nisingekaa barazani miezi yote ile. Za hiari zije mwisho kujaza nafasi, halafu jumlisha krediti kila mstari uone kama zinafika 60 au zimepelea wapi. Kama semista moja ina 52 basi nyengine lazima iwe na 68, na jiulize kama unaiweza.

Kwa watu wa ualimu kuna jambo la somo la pili. Historia peke yake skuli haitoshi, mwalimu anaajiriwa na masomo mawili ya kufundishia, kwa hivo Historia unaiunganisha na Kiswahili, Jiografia, Kiingereza, Kiarabu, chuo kinavoruhusu. Watu wanachagua kwa kuangalia lipi rahisi, au wapi shoga yake kaenda. Mie rai yangu, angalia kwanza matangazo ya ajira za ualimu ya miaka miwili mitatu iliyopita wanataka mchanganyiko gani, halafu angalia ulichosoma kidato cha sita, maana mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kujitia kwenye Jiografia ya ramani na takwimu huo ni ujasiri wa aina yake. Na kama Kiarabu unakijua kutoka madrasa usikiache kabisa, hata kama kombinesheni yako si hiyo kichukue kama kozi ya hiari. Barua za zama za akina Sayyid Barghash ziko kwa Kiarabu, na Kiswahili cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, wenzetu wanatoka Ulaya kuja kuzisoma, sie wenyewe tunazipita. Kubadilisha somo la pili kunawezekana lakini mapema, wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, baada ya hapo unabeba kozi za nyuma na za mbele pamoja.

Haya, mshauri wa kitaaluma, advaiza. Kila mwanafunzi anapewa mmoja, jina linabandikwa ubaoni au linatumwa kwenye grupu la WhatsApp, na wengi hawamuoni hadi wana shida. Usimchanganye na mlezi wa wanafunzi (dean), yule ni wa hosteli, ugonjwa, ugomvi. Mambo ya bumu kuna afisa wake wa mikopo. Advaiza ni wa kozi, krediti, matokeo, na njia unayoielekea, na mara nyingi ndo anaetia saini fomu ya usajili wa kozi. Kubwa la kulijua ni kwamba ana wanafunzi wengi na yeye mwenyewe anafundisha na ana utafiti wake, kichwani mwake wewe humo, kwa hivo anatia saini kile ulichompelekea. Ukimpelekea vibaya atatia saini vibaya. Simlaumu, hata wangu simlaumu sana, kozi zilikuwa zangu.

Namna ya kwenda. Usimpigie simu saa tatu za usiku, usimtumie "mambo maalim" halafu ukakaa kimya. Andika salamu, jina lako, mwaka wako, programu yako, unachotaka, na siku mbili unazoweza, basi. Siku yenyewe ufike na ile karatasi yako ya mistari sita na matokeo yako yamepigwa chapa. Mie baada ya yaliyonikuta nilimsindikiza mdogo wangu, mwaka wa kwanza, kwa advaiza wake. Kagonga mlango, asalaam alaykum maalim, yule mzee waalaykum salaam, nambie, na macho yako kwenye rundo la karatasi za mtihani, hata hajainua kichwa. Mdogo wangu akaanza, maalim nilikuwa nataka kuuliza kuhusu kozi. Kozi gani? Akababaika. Nikamkanyaga mguu, akatoa lile daftari akalifungua mbele yake. Yule mzee akavua miwani, akalivuta, akaanza kupita mstari mmoja mmoja na kalamu nyekundu, hapa sawa, hapa sawa, hapa hapana hii mwaka ujao haitolewi mwalimu wake anakwenda masomoni, weka hii badala yake, na hapa umejazia krediti 70 unataka kufa? Dakika kumi na tano. Siku zote hizo wanafunzi wanaingia wanatoka wanaambiwa "nenda kaangalie prospektasi", huyu kapewa habari ambayo haijabandikwa popote.

Maswali ya kumuuliza usiyasahau, kozi gani mwaka ujao hazitatolewa, kozi gani ina sharti la kusoma nyengine kwanza, hii ya hiari nikiiacha nitaipata tena lini, na krediti zangu hadi sasa ngapi kwa hesabu yake yeye, si kwa hesabu yako. Hilo la mwisho muulize kila semista hata kama unajiona mjinga. Na akikwambia "utaisoma baadae", muulize hapohapo, baadae lini maalim, semista ipi? Uandike mbele yake.

Ratiba zikigongana usiache kozi kimyakimya. Kuna muda wa kuongeza na kuacha kozi, mwanzoni mwa semista, vyuo vingi ni wiki mbili za kwanza hivi, baada ya hapo mfumo unafungwa na kozi uliyoiacha bila kuiondoa inakuja kukupiga kama hukufanya mtihani. Ikigongana nendeni kundi, watu wanne watano, kwa mkuu wa idara, mara nyingi ratiba inasogezwa. Mtu mmoja akienda anaambiwa avumilie.

Sasa GPA, ule wastani wa alama zako zote, kwa vile nilisema zile kozi za DS zinaua. Alama zinapewa pointi, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na pointi unazizidisha kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti. Tuseme semista hii una Historia ya Zanzibar krediti 12 umepata B+, hiyo 48. Mbinu za historia krediti 12 umepata B, 36. Stadi za mawasiliano krediti 8 umepata A, 40. DS krediti 10 umepata C kwa vile ulikuwa huendi, 20. Jumla pointi 144 kwa krediti 42, GPA 3.4. Hiyo ni daraja la pili la chini, maana la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3, na la kwanza 4.4 kwenda juu. Lakini DS ungepata B tu, si A, pointi zinakuwa 154 na GPA inakuja 3.6, umeshavuka. Umeangushwa na kozi uliyoiona ya kujaza nafasi. Na vyuo vingi vinakata desimali, havikadirii kwenda juu, 3.49 ni 3.4 hiyo, ulie usilie. Anaetaka kubaki chuoni kuwa mwalimu msaidizi ajue kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni 3.8, kwa hivo mwaka wa kwanza si wa kuzoea mji, unahesabiwa na huo.

Sapu na keri, yaani kozi unayoibeba hadi mwaka unaofuata, sitozisema sana, ila ukikamata sapu kwenye moja ya zile kozi tatu za daraja acha kila kitu uisome hiyo kwanza.

Disateshen ndo inayotenganisha watu, na kosa ni kuianza mwaka wa tatu. Mwaka wa pili ukishasoma njia za utafiti anza kupita Nyaraka pale Kilimani, panapohifadhiwa mafaili ya zamani ya serikali. Unakwenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni, na penseli, kalamu ya wino iache. Siku yangu ya kwanza nilijua nitakwenda kufungua kabati nichague. Hapana, unaangalia orodha, unaandika namba ya faili, unasubiri uletewe. Nikaletewa faili la Sekretarieti la zama za Mngereza, namba inaanza na AB, la mambo ya karafuu, karatasi zimekuwa rangi ya chai, ukingo unakatikakatika, na mwandiko wa mkono wa afisa mmoja kama kuku kapita kwenye unga. Saa tatu nzima nimesoma kurasa nne. Siku ya tatu jicho likazoea nikawa namsoma kama nasoma meseji. Sasa fikiria hizo siku tatu ungekuwa unazitafuta wakati umebakiwa na mwezi wa kukabidhi.

Mada nayo ifinye. "Historia ya karafuu Zanzibar" hiyo si disateshen hiyo ni maisha. Lakini mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa karafuu wa 1937 na 1938 ulivyowagusa wakulima wa sehemu moja ya Pemba, hiyo inabebeka. Au kimbunga cha 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo ikashika usukani. Au mgomo wa bandarini 1948, au Vita vya Ng'ombe pale Kiembesamaki 1951. Hivi vya karibu vina faida mbili, faili lipo na wazee wapo, lakini hesabu wewe mwenyewe, aliyekuwa na miaka kumi 1951 kazaliwa 1941, usimuweke mwakani. Ukienda kwa mzee nenda na mtu anaemjua, omba ruhusa ndo uwashe rekoda, na mambo ya 1964 usiyaingie bila kukaa na msimamizi wako kwanza, kuna nyumba ambazo kidonda bado kibichi.

Na vitabu vikigongana usiogope, ndo utamu wenyewe. Kimoja kitakwambia Sayyid Said kahamishia makao Unguja 1832, chengine 1840. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafuta mmoja naacha mmoja. Mwalimu wangu akanirudishia kazi kaandika pembeni, "nani anasema, na kwa nini wanatofautiana?" Kaandika hivo tu na maksi kanipa chache, lakini swali hilo ndo lililonibeba hadi disateshen.

Watu wa ualimu TP yenu ombeni mapema skuli ya karibu na nyumbani kama chuo kinaruhusu, wa Pemba mkipangiwa Wete au Chake hamlipi kodi ya chumba mjini, na jioni mnaweza kukusanya data za disateshen hukohuko.

Mwisho, nunua faili la plastiki. Kila fomu ya usajili iliyotiwa saini, kila risiti, kila matokeo ya semista, toa kopi utie humo, na upige picha na simu. Mwanzo wa mwaka wa tatu, si mwisho, mwanzo, wiki ya pili hivi foleni ikishapungua, nenda na faili hilo kwa karani wa idara, mwambie nataka tuhesabu krediti zangu pamoja, yeye kwenye mfumo wake wewe kwenye daftari lako, kozi moja moja. Mdogo wangu alifanya hivo mwaka jana, wakakuta kozi moja maksi zake hazijaingizwa kabisa, yeye kafanya mtihani na karatasi anayo. Wiki ileile zikaingizwa.